Dean kafa kwa nondo: Shangazi anajibu barua za Supernatural

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu mwisho wa Supernatural, tamthilia ya Marekani ya ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanaozunguka nchi nzima na gari jeusi wakiwinda mizimu na mapepo. Nilisema mwisho wake naupenda. Barua mlizoleta zimenifanya niweke kando tamthilia za Kituruki mwezi huu. Inaelekea wengi mmeimaliza juzijuzi, ingawa kule kwao ilifungwa tarehe 19 Novemba 2020, baada ya misimu 15 na sehemu 327. Ambaye bado yuko njiani aufunge ukurasa huu, maana nataja vifo vyote.

*Shangazi, shikamoo. Nilianza kuangalia Supernatural nikiwa darasa la sita, kwa kaka yangu. Nimeimaliza mwaka huu nina mke. Dean kapigana na Lusifa, kapigana na Leviathani, kamuua Mauti mwenyewe, kamshinda hadi yule Mungu wa mle ndani. Halafu sehemu ya mwisho anaingia ghalani, anapambana na vampaya ambao hata majina hawana, anasukumwa kwenye nguzo, nondo inamwingia mgongoni, basi. Steringi anakufaje kwa nondo? Naona waandishi walituonea.*
*Fundi pikipiki, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na yale ambayo uko sahihi. Pambano lenyewe la ghalani ni jepesi. Wale vampaya wa vinyago wametolewa harakaharaka kwenye daftari la zamani la baba yao, na yule Jenny tuliyemwona msimu wa kwanza karudishwa kwa dakika chache bila kubadilisha chochote. Na kuna jambo linalouma zaidi, ambalo wengi liliwapita: chumbani kwa Dean, juu ya meza, ipo fomu ya kuomba kazi. Alikuwa ameanza kufikiria maisha mengine. Ukikasirika kwa ajili ya fomu ile, mimi niko upande wako.

Lakini kwenye nondo nasimama na waandishi. Jiulize, nani alikuwa akimkinga Dean miaka yote ile? Msimu wa 15 unatueleza waziwazi kwamba Chuck, yule mwandishi wa vitabu tuliyemzoea kama mlevi mpole na ambaye kumbe ndiye Mungu wa mle ndani, ndiye aliyekuwa akiwaandikia maisha. Hadithi ikihitaji wafufuke, wanafufuka. Akichoka, anawaletea msiba mpya. Umesahau sehemu ya 10, Chuck alipowanyima ile bahati ya mashujaa? Impala, lile gari lao jeusi, liligoma, kadi ya benki ikakataliwa, Dean akakutwa na meno yaliyotoboka, Sam akashikwa na mafua. Sisi tulicheka. Bahati ile waliirudisha sehemu iliyofuata, lakini tulikuwa tumeshaonyeshwa jinsi ndugu hawa walivyo pasipo mkono wa mwandishi: watu wa kawaida, wenye miili inayoharibika.

Kisha katika sehemu ya 19 Jack, mtoto wa Lusifa waliyemlea wao, anamnyang'anya Chuck nguvu zake, na Dean anakataa kumuua. Wanamwacha barabarani azeeke kama mtu yeyote. Tangu dakika ile hakuna anayeandika tena. Walipigania hiari yao kwa miaka 15, wakaipata, na dunia yenye hiari ina nondo ndani yake. Wewe unatengeneza pikipiki, unajua kuliko mimi ni madereva wangapi hodari wameondoka kwa kishimo kidogo cha barabarani. Kama Dean angekufa mikononi mwa malaika mkuu au joka, ningesema Chuck bado yupo mahali anapiga taipu.

Tena usiitazame nondo peke yake, tazama kinachofuata. Sam anataka kukimbilia msaada. Dean anamzuia, na anamkataza asije akatafuta njia ya kumrudisha. Kumbuka historia ya nyumba ile. Mwisho wa msimu wa 2 Sam alikufa, Dean akaenda njia panda kuuza roho yake ili mdogo wake arudi, akapewa mwaka mmoja. Mwisho wa msimu wa 3 mbwa wa kuzimu wakaja kulidai deni. Mwisho wa msimu wa 8 Sam alikuwa amebakiza hatua moja tu afunge milango ya Jehanamu, Dean akamzuia kwa sababu ingemuua. Mwisho wa msimu wa 10 Sam akaiondoa Alama ya Kaini mkononi mwa Dean ingawa walishaonywa, na Giza, nguvu ya kale iliyofungiwa na alama hiyo, likafunguliwa duniani. Kila mara walikataa kuachana, na kila mara gharama ililipwa na watu wengine, wengi wao watu ambao majina yao hatukuyajua.

Ghalani ndipo wanapokubali kuachiliana. Dean anamwomba Sam amwambie kwamba ni sawa, na haondoki mpaka aambiwe. Kwetu jambo hili si geni. Mgonjwa akizidiwa, wazee huwaita watu wa nyumbani wampe radhi ili aende kwa amani, na wapo wagonjwa wanaomsubiri hadi mtoto aliye safarini. Dean alikuwa anaomba radhi. Miaka mingi baadaye Sam ni mzee, yuko kitandani, na mwanawe, ambaye naye anaitwa Dean, anampa maneno yaleyale. Mimi pale ndipo nilipolia, si ghalani.

*Dada, hujambo. Mimi niliiacha tamthilia hii mwisho wa msimu wa tano na sijutii. Sam karuka shimoni, dunia imeokoka, Dean kaenda kuishi na Lisa. Hadithi imekwisha. Nasikia hata mtunzi mwenyewe alikusudia iishie pale, tamaa ya fedha ndiyo iliyoivuta. Ni kweli?*
*Mwalimu, Mombasa*

Sijambo, mwalimu. Ni kweli kwamba Eric Kripke, aliyeianzisha mwaka 2005, alikuwa na mpango wa misimu mitano. Ile sehemu ya mwisho ya msimu wa tano, iliyoonyeshwa tarehe 13 Mei 2010, aliiandika yeye, kisha akauacha usukani, akaushika Sera Gamble. Kituo kilitaka iendelee kwa sababu watazamaji walikuwepo. Sitaiita tamaa, maana kati ya watazamaji wale nilikuwemo mimi. Wakati huo nilikuwa na duka dogo la kukodisha diski hapa Morogoro, na vijana walikuwa wakipita kuulizia msimu wa sita kabla hata haujafika nchini.

Sehemu ile sijapata kuona iliyojengwa vizuri kuliko yenyewe, na nitakueleza kwa nini, maana wengi huikumbuka kwa machozi tu, ufundi wake wakausahau. Msimu mzima tumeahidiwa vita kati ya Mikaeli na Lusifa. Tunakaa tayari kwa moto na radi. Inaanza, na Chuck anatusimulia nini? Gari. Anatuambia kwamba mwaka 1967 kiwandani Janesville, Wisconsin, lilitoka Impala moja, kwamba mwenye nalo wa kwanza alikuwa mlevi aliyezunguka akiwagawia maskini Biblia, kwamba baadaye John Winchester alilinunua kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Anatutajia yaliyomo ndani: askari wa plastiki ambaye Sam akiwa mdogo alimsokomeza kwenye kisanduku cha majivu ya sigara, vipande vya Lego ambavyo Dean alivitia kwenye matundu ya hewa na bado vinagongana likiwashwa, herufi za majina yao walizozichonga kwa kisu. Mtu asiye makini anadhani anapotezewa muda.

Kisha mpango unaharibika. Sam anamkubalia Lusifa amwingie mwilini, akitumaini atamshinda kwa ndani na kuruka naye kwenye kifungo kilichofunguliwa kwa pete za wale wapanda farasi wanne wa Ufunuo. Anashindwa. Siku ya vita, kwenye makaburi ya Stull, Kansas, Dean anafika peke yake na gari lake, muziki juu, bila silaha yoyote ya maana. Castiel, malaika rafiki yao, anapasuliwa kwa kupigwa vidole tu (atafufuliwa). Bobby, mwindaji mzee aliyekuwa kama baba kwao, anavunjwa shingo. Lusifa, kwa mikono ya Sam, anampiga Dean usoni hadi uso hautambuliki, na Dean hajibu hata ngumi moja. Anamwambia mdogo wake kwamba ni sawa, yupo hapa, hatamwacha. Jua linagonga chuma cha gari, mwanga unamwingia Sam machoni, anachungulia dirishani, anamwona askari wa plastiki. Vitu vyote tulivyotajiwa mwanzoni vinarudi kwa pamoja, na Sam anaushika mwili wake. Shetani kashindwa na kitu cha kuchezea kilichokwama kwenye majivu. Hakuna mhusika aliyeingizwa ghafla kuokoa mambo, hakuna upanga uliofichwa. Kila kilichohitajika kilikuwa ndani ya gari tangu utoto wao.

Lakini mwalimu, ukisimama pale umeondoka na barua isiyo na ukurasa wa pili. Sekunde za mwisho kabisa taa ya barabarani inazimika, na Sam amesimama nje, anamtazama Dean akila chakula na Lisa na mwanawe Ben. Hayo si maandishi ya mtu aliyefunga mlango. Na lile neno la Stull, kwamba ni sawa, nipo hapa, halijajibiwa. Linajibiwa miaka kumi baadaye ghalani, pale anayelihitaji ni Dean na wa kulisema ni Sam. Ndiyo maana nakusihi uruke ukitaka kuruka, lakini uione sehemu ya mwisho. Nasema hivi nikijua kwamba misimu ya katikati imo iliyochosha. Leviathani wa msimu wa saba mimi walinichosha sana.

Kwenye sehemu hiyohiyo ya mwisho wa msimu wa tano Chuck anasema mwisho ni kazi ngumu kuliko zote kuiandika, na kwamba hata ufanyeje mashabiki watalalamika. Tazama meza yangu ilivyojaa barua.

*Shangazi, shikamoo. Sisi ni marafiki watatu, tunasoma chuo hapa Dodoma. Castiel anamwambia Dean kwamba anampenda, Utupu, kule malaika waendako wakifa, unamchukua, na baada ya hapo hatumwoni tena hadi tamthilia inaisha! Miaka kumi na miwili ya urafiki! Kwa nini?*
*Watatu wa Dodoma*

Marahaba, wanangu. Hapa sina utetezi mrefu. Sehemu ya 18, iliyoonyeshwa tarehe 5 Novemba 2020, ni ya Misha Collins, mwigizaji wa Castiel, kabisa. Castiel alikuwa amefanya mapatano kumwokoa Jack: Utupu ungemchukua siku atakayoonja furaha ya kweli. Amejifungia chumbani na Dean, Billie, Mauti mpya, anagonga mlango kuja kuwaua, na yeye anagundua kwamba furaha yake ni kulisema tu lile alilolibeba, hata kama hatajibiwa. Analisema, Utupu unakuja, unamchukua yeye na Billie pamoja, Dean anabaki chini sakafuni, simu inalia, hapokei. Nimeona vifo vingi vya malaika katika tamthilia hii. Kile ndicho kilichonyamazisha nyumba yangu.

Sehemu mbili tu zinafuata, na hizo mbili zina historia yake. Kazi ilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko, zikiwa zimebaki hizohizo kupigwa. Walirudi Agosti kule Vancouver, Kanada, wakati mtu anayeingia nchini alilazimika kujitenga siku 14 kwanza, wakamaliza mwezi wa tisa. Ukiijua hali hiyo unaelewa kwa nini sehemu ya mwisho ina watu wachache namna ile, na kwa nini mke wa Sam ni kivuli tu nyuma, hana uso wala jina.

Inaeleza, lakini haitoshi. Peponi Bobby anamwambia Dean kwamba Jack ameijenga upya Pepo na kwamba Castiel alisaidia. Dean anatabasamu. Sentensi moja! Mngeniuliza mimi, ningewapa dakika moja ya sauti tu, hata bila sura. Dean hakupata kumjibu, na sisi hatukujua angemjibu nini. Hapo waandishi wana deni kwetu, na hao watatu wa Dodoma wana haki ya kulidai.

*Assalaam aleykum, dada yangu. Mwanangu ana miaka 11. Nimekunja zulia la sebuleni nimekuta kachora duara la nyota kwa chaki, ananiambia ni mtego wa shetani. Dirishani anamwaga chumvi. Bibi yake kakasirika, anasema tumeingiza ushirikina ndani. Niizuie hiyo Supernatural?*
*Mama, Unguja*

Waaleykum salaam, mama. Kwa umri huo, ndiyo, izuie kwa sasa. Huko kwao yenyewe imewekewa alama ya miaka 14 na kuendelea, na hawakukosea: msimu wa kwanza, ambao watu husema ni mwepesi, unaanza na mama anayeungua akiwa amebandikwa darini juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto anayemwaga chumvi dirishani hachezi tu, ana hofu usiku. Muulize anaogopa nini kabla hujamgombeza.

Usishangae pia kwamba imemwingia haraka. Kina Winchester wanatumia chumvi, chuma, maji yaliyoombewa, na mapepo yao yanafanya biashara njia panda. Mtoto wa pwani ameshasikia mambo ya chumvi ya mawe na kafara zinazoachwa njia panda kabla hajaona televisheni. Waandishi hawakuyachukua kwetu. Wao waliyachukua kwenye simulizi za watu weusi wa Mississippi, wanaosema kwamba mpiga gitaa Robert Johnson, aliyefariki mwaka 1938, aliuza roho yake njia panda apate kipaji, na msimu wa 2 una sehemu nzima juu yake. Kwa hiyo mwanao ameona ya jirani yakifanana na ya nyumbani, akadhani yote ni kweli sawasawa.

La imani nitakuambia bila kuzunguka. Malaika wa mle ni askari wakatili, na msimu wa mwisho adui mkuu ni Mungu wa hadithi ile. Mimi naitazama kama hadithi ya mwandishi aliyewaonea wahusika wake, na imani yangu haijatikisika. Lakini nyumba ambayo bibi ni mtu wa swala, jambo hilo ni zito, na yeye ana haki ya kutolipenda. Akifika miaka 15, kaa naye muangalie msimu wa kwanza pamoja, sehemu moja moja, mkizungumza. Ukiona halali vizuri, simamisheni tena. Chaki ifuteni pamoja, bibi akiwepo.

*Shikamoo Shangazi. Sijaiona hata moja, na ukurasa huu nitausoma nikimaliza. Sehemu 327 ni nyingi na mimi nina mitihani. Nianzie wapi?*
*Mwanafunzi, Bukoba*

Marahaba. Maliza mitihani kwanza. Kisha anza msimu wa 1 na uende moja kwa moja hadi mwisho wa msimu wa 5, bila kuruka. Baada ya hapo chagua. Msimu wa 6, sehemu ya 15, ndugu wanatupwa kwenye dunia ambamo wao ni waigizaji wa tamthilia yao wenyewe. Msimu wa 10, sehemu ya 5, ndiyo ya 200, wanafunzi wa kike wanaigiza maisha yao jukwaani. Msimu wa 14, sehemu ya 13, ndiyo ya 300, baba yao anarudi kwa usiku mmoja na wote wanne wanakaa mezani kula. Msimu wa 15 uangalie wote.

Ila kabla hujaugusa huo wa 15, tafuta msimu wa 11, sehemu ya 4. Kamera haitoki kwenye Impala tangu mwanzo hadi mwisho: wanalala humo, wanaimba humo, wanapigana humo. Utalifahamu gari lile kama mtu wa tatu wa familia, na ukifika mwisho kabisa, angalia kibao cha namba. Waliwahi kukibadilisha miaka ya mwanzo wakikimbia polisi. Nataka uone kama utaitambua KAZ 2Y5.

Ile tamthilia ya wazazi wao iliyotoka mwaka 2022 ina sehemu 13 tu na ilikatishwa. Iweke mwishoni, ukiwa bado na hamu.